Fataki si Chumvi

Halvard, Dakota Kaskazini
Jumapili, 3 Septemba 1978

Shemeji Verlyn,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Alaska, na kwamba wageni wa kambi wameshaondoka na samaki wao wakakuachia nafasi ya kusoma. Mimi sijambo. Kina mama wa kanisani bado wananiletea viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, sinia kwa sinia, utadhani Orlin alikufa jana. Friza haifungi.

Nakuandikia kwa ajili ya kaka yako. Unajua aliacha maandishi: achomwe, majivu yake yachanganywe na marisawa, vile vipira vidogo vya madini, ndani ya risasi za shotigani, na zifyatuliwe kwenye kilabu chetu cha kulenga shabaha siku ya mwisho ya msimu. Mchungaji alikunja uso, lakini mzee Palmer Brekke alifanyiwa hivyo hivyo mwaka wa sabini na moja na kanisa bado limesimama. Mwaka jana sikuweza. Mwaka huu siku ni Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, na nitaweza.

Nataka nizishindilie risasi hizo mwenyewe, nizijaze kwa mashine yake na kwa vipimo vya daftari lake. Sababu unaijua. Bunduki ilipompasukia pale ziwani, mji mzima ulisema Orlin alitia baruti mara mbili. Orlin, Verlyn, mtu aliyepima baruti kama mfamasia. Delmar Brekke na wenzake wa kilabuni walichukua risasi zote alizowahi kuwashindilia wakazitupa ziwani, na mimi niliwaona nikiwa ndani ya gari. Basi nataka kipimo kile kile kilipuke salama mbele ya macho yao, wajue mume wangu hakukosea.

Lakini kuna jambo. Sherifu alibeba baruti yake, risasi na maganda yake yote, hata yale ya kwenye pipa la taka. Alichoacha ni mashine, daftari, vizibo vya kutenganisha baruti na marisawa, na boksi la fataki, vile vikombe vidogo vinavyowasha baruti. Nani hushuku fataki? Nikatafuta baruti, marisawa na maganda mekundu, aina alizozipenda, nikakaa mezani kwake kule chini ya nyumba. Nikasukuma fataki kwenye vitako vya maganda kumi na mawili, kila moja ikaingia kwa mlio na kukaa imara. Nikaenda kulala. Asubuhi zote kumi na mbili zimetoka. Zimepangwa mstari ukingoni mwa meza, midomo chini, vile Orlin alivyokuwa akizipanga.

Nimerudia mara tatu. Mara zote tatu hivyo hivyo. Wewe ulikua na vitu hivi, niambie ninakosea wapi.

Shemeji yako,
Ardis

*

Kambi ya Ziwani, Alaska
Jumatano, 13 Septemba 1978

Shemeji Ardis, mwenye friza,

Nimecheka kuhusu viazi. Huku mimi na mpishi tunakula maharage ya kopo na kutazamana. Tukitumiwa sinia moja kwa ndege ya Alhamisi tutakuombea.

Sasa sikiliza. Kushindilia risasi si kama kukanda mkate. Fataki ni kikombe kidogo cha shaba, na dukani utaziona zote zinafanana, zote zina namba moja, ukidhani ni ndugu wa tumbo moja. Si kweli. Kuna ya moto wa pole na kuna ya moto mkali. Kila kipimo kwenye daftari la Orlin kimeandikwa kwa ganda fulani, baruti fulani, kizibo fulani na fataki fulani. Ukibadilisha kimoja umebadilisha vyote. Ndiyo maana alikuwa akisema, fataki si chumvi, huwezi kuazima kwa jirani.

Hizo zinazotoka, nadhani matundu ya maganda yamelegea. Na ule mstari, basi tanuru la kupasha nyumba linatikisa meza. Usiogope vitu vidogo.

Ila shemeji, ushauri wangu ni uache. Nunua risasi za dukani, muombe fundi azifungue juu na kuingiza majivu. Au ngoja nije Krismasi nifanye mwenyewe. Lile boksi la fataki lizike nyuma ya ghala, ni la zamani.

Nilitaka pia kukuuliza, zile trei za fataki ulizotumia kwenye boksi ni za juu au za chini?

Verlyn

*

Halvard
Ijumaa, 22 Septemba 1978

Shemeji Verlyn,

Za juu au za chini. Hilo ni swali gani? Boksi moja, trei zimekaa moja juu ya nyingine, nachukua ya juu kama mtu yeyote mwenye akili.

Na boksi si la zamani. Orlin alilinunua kiangazi kile kile cha mwisho, na tarehe aliiandika kwenye kifuniko. Halafu niziweke risasi za dukani? Nikisimama pale na risasi za dukani, Delmar atasema, mnaona, hata mkewe haamini kipimo chake. Krismasi pia haifai, kilabu kinafungwa Oktoba na theluji inafika magotini. Usinifanye mtoto.

Kuhusu tanuru, shemeji, bado sijaliwasha. Ni Septemba.

Nikuambie yaliyotokea tangu nilipokuandikia. Trei ya kwanza yote ilitoka. Ya pili yote ilitoka. Niliacha kuogopa nikaanza kukasirika, nikashuka asubuhi moja na kikombe cha kahawa nikamwambia, Orlin, umekuwa mgumu ukiwa hai na sasa umezidi, unataka nini? Nikaisogeza ile miwani yake minene, ile ya baada ya mtoto wa jicho, nikaiweka kwenye droo. Kesho yake miwani iko juu ya boksi. Labda niliiweka mimi nikasahau. Siku hizi nasahau mengi.

Nikafungua trei ya tatu. Fataki zake zilikuwa ngumu kidogo kuingia, ilibidi niulalie mkono wa mashine. Asubuhi nikashuka nikijua nitakachokikuta. Hakuna hata moja iliyotoka. Zimeshika kana kwamba zimeota pale. Nililia kwenye ngazi, sioni aibu kukuambia. Naona amekubali.

Nitashindilia ishirini na tano, boksi kamili.

Ardis

*

Kambi ya Ziwani
Alhamisi, 28 Septemba 1978

Ardis,

Ndege iko hapa na rubani hataki kungoja, kwa hiyo naandika upesi.

Usizitumie hizo za trei ya tatu. Zimeingia unyevu. Fataki yenye unyevu inavimba, ndiyo maana zilikuwa ngumu kuingia. Ukiifyatua unaweza kuumia. Kama umeshashindilia, zimwagie maji na uzitupe. Nakuomba. Hizo zilizokuwa zikitoka ndizo nzuri, bora utumie hizo na maganda mengine.

Nitakueleza zaidi nikipata nafasi.

V.

*

Halvard
Alhamisi, 5 Oktoba 1978

Shemeji Verlyn,

Mimi nimeishi na Orlin Skaaden miaka thelathini na moja. Nimesikia habari za fataki wakati wa chakula cha mchana, wakati wa ubatizo, na mara moja wakati mchungaji anatoa baraka. Fataki yenye unyevu hailipuki. Haivimbi. Shaba haivimbi, Verlyn. Kwa hiyo sijui kwa nini unaniambia hivyo. Kama hupendi majivu ya kaka yako yafyatuliwe, sema, tutaelewana. Lakini usinidanganye kwa kitu ambacho hata paka wa nyumba hii anakijua.

Nimemaliza. Ishirini na tano, nyekundu, zimepangwa kwenye boksi juu ya meza yake. Kila asubuhi nashuka kuzitazama na hazijatikisika. Ndani ya kila moja kuna kijiko cha chai cha kaka yako. Siwezi kukueleza ilivyo kumpima mtu kwa kijiko. Nilizoea ilipofika ya kumi, nikajichukia kwa kuzoea.

Kuhusu bunduki. Unakumbuka baba yenu alileta zile mbili pacha kutoka Norwe, za mitutu miwili, moja akampa Orlin na moja akakupa wewe. Ya Orlin imebaki vipande kwa sherifu. Ya kwako bado inaning'inia hapa sebuleni ulipoiacha. Nimeisafisha na kuipaka mafuta. Nitatumia hiyo. Naona ni haki majivu yake yatoke kwenye bunduki ya baba yake, na kwa mkono wangu, ya kwanza mpaka ya mwisho. Mchungaji atasali, kisha tutakunywa kahawa.

Natamani ungekuwepo. Orlin alikupenda kuliko ulivyostahili, na alikuwa akiniambia hivyo mwenyewe.

Ardis

*

Kambi ya Ziwani
Alhamisi, 12 Oktoba 1978

Ardis,

Nimepokea barua yako sasa hivi. Rubani amenipa nusu saa. Nimempa namba yako ya simu na kumwapisha akupigie akifika mjini, lakini simpi maneno haya, haya lazima niyaandike kwa mkono wangu.

Usifyatue zile risasi. Usizifyatue kwenye bunduki yangu wala nyingine yoyote. Fataki za trei ya tatu ni zangu.

Septemba ile ya mwisho nilipokuja, ulimpeleka Orlin kwa daktari wa macho mkakaa huko siku nne. Mliniacha na nyumba. Nilishuka chini nikashindilia risasi kwenye meza yake, nikaenda kilabuni kila siku, nikacheza kama mtoto. Siku ya nne nikagundua nimemaliza trei nne za fataki zake. Dukani hazikuwepo, mwaka ule zilikuwa adimu. Unajua alivyokuwa na ile meza. Mtu akigusa hata kijiko cha baruti alikasirika wiki nzima.

Kwenye gari nilikuwa na fataki za Ulaya, nilizinunua kwa baharia kule Seattle. Kwa macho ni zile zile. Nikachomoa kutoka kwenye pakiti zangu nikajaza trei zake nne zilizokuwa tupu, nikazirudisha kwenye boksi, chini ya zile nzima, nikisahau kwamba Orlin alikuwa akianzia trei za chini. Niliwaza nitamwambia tukinywa kahawa. Mlirudi, ana bandeji jichoni, anasema, angalau meza yangu imepumzika. Nikanyamaza. Nikaondoka kesho yake.

Fataki zile zina moto mkali kuliko zake. Kwenye bunduki mpya usingesikia tofauti. Kwenye mitutu ile ya baba, myembamba kama ganda la yai, na kipimo ambacho Orlin alikiweka palepale mpakani, tofauti hiyo inatosha. Hakutia baruti mara mbili. Alipima sawasawa kama siku zote, akachukua fataki kutoka kwenye trei yake mwenyewe bila shaka yoyote, kwa sababu aliniamini mimi. Yule aliyesema fataki si chumvi ndiye niliyemwazima na kumrudishia isiyo yake.

Na sasa hesabu hii, Ardis, ndiyo imenifanya nisilale tangu barua yako ya Septemba. Fataki za Ulaya ni pana kuliko zetu kwa unene wa unywele. Zikishaingia kwenye ganda mara moja, zinalitanua tundu. Baada ya hapo fataki ya kawaida haikai tena kwenye ganda hilo, inaingia kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba. Maganda yake mekundu yalishawahi kubeba fataki zangu. Ndiyo maana trei ya kwanza na ya pili zilidondoka, zile zilikuwa zake, za halali. Trei ya tatu ni zangu, pana, ndiyo maana zilishika. Zilizodondoka ndizo salama. Zilizoshika ndizo zilizomuua. Hakuna mzimu hapo. Ni mimi tu.

Nilitaka kukuambia mwezi mzima, nikakuletea habari za unyevu. Mimi ni mwoga. Rubani ananiita.

Kama umesoma haya kabla ya Jumamosi, mshukuru Mungu kwa niaba yangu.

Verlyn

*

Halvard
Jumapili, 22 Oktoba 1978

Verlyn,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku tano baada ya Jumamosi. Simu ililia Ijumaa, jirani aliisikia, lakini mimi nilikuwa kanisani chini tukikanda mkate wa viazi kwa ajili ya kesho yake. Kwa hiyo hakuna aliyenionya.

Jumamosi kulikuwa na upepo na jua. Walikuja watu kama arobaini. Mchungaji akasali, sala fupi kuliko nilivyotegemea. Nikasimama kwenye mstari na bunduki yako, nikamwambia Delmar Brekke anifungulie boksi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na baridi. Usiku uliopita nilikuwa nimeligusa boksi lile kwa mkono wangu na kila risasi ilikuwa nzima. Niliendesha polepole, liko mapajani mwangu.

Delmar akafungua, akachungulia, akasema, "Ardis, risasi zako zimejikojolea." Mtu mmoja akacheka. Baruti ilikuwa imemwagika ndani ya boksi. Fataki zimetoka. Zimelala kwenye kifuniko, mstari mmoja ulionyooka, midomo chini.

Tulirudi nyumbani bila kufyatua kitu. Nilimlaumu Orlin njia nzima kwa kuniaibisha mbele ya Delmar. Sasa najua kwa nini, na nimemwomba radhi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Leo baada ya ibada, wakati wa kahawa, niliwaomba wote mezani wanisikilize, nikaisoma barua yako kwa sauti, kuanzia jina langu mpaka jina lako. Sikuruka neno. Delmar alivua kofia. Akasema, "Tulizitupa ziwani zote." Nikamwambia najua, niliwaona. Basi jina la mume wangu limerudi, na kwa hilo nakushukuru, kwa sababu ungeweza kunyamaza mpaka kaburini na hakuna ambaye angejua. Mengine siwezi kukushukuru. Nilikuchukia tangu Alhamisi mpaka jana bila kupumzika. Leo nimepumzika kidogo. Kesho huenda nikaendelea.

Lakini umeniandikia kwamba hakuna mzimu, na kwamba maganda yake yalikuwa yametanuka. Umeeleza vizuri, hata mimi nimeelewa. Ila soma tena barua yangu ya kwanza. Maganda yake yote yalichukuliwa na sherifu. Haya mekundu niliyanunua mimi dukani mwezi Agosti, mapya, bado kwenye nailoni. Hayajawahi kubeba fataki yoyote, si yake wala yako.

Nilimuuliza mwenye duka, bila kumwambia sababu. Alisema ganda jipya linaishika fataki ya kawaida vizuri, na ile pana ya Ulaya usipoipiga kwa chuma haitoki.

Nimekaa kwenye ngazi nikawaza. Orlin alizitema zilizo nzuri na kuzishika zilizo mbaya, nami nikadhani amenikubalia. Ningekuandikia kwamba zote zimeshika, ungeniletea salamu na vichekesho, na usingekiri kamwe. Alikujua. Alijua ni kitu gani kingekutisha.

Sasa mwisho. Nilikuambia nilishindilia ishirini na tano. Kwenye kifuniko zilikuwa fataki ishirini na nne, Delmar alizihesabu na mimi nikazihesabu. Moja haikutoka. Risasi hiyo bado nzima, ina baruti yake, ina kijiko chake cha kaka yako, na ina fataki yako kwenye kitako. Nimejaribu kuichokoa kwa kijiti cha shaba, haitikisiki. Kila asubuhi naikuta imesimama katikati ya meza, na asubuhi hii ile miwani ilikuwa mbele yake.

Majivu ya zile nyingine nimeyarudisha kwenye mtungi. Hayo tutayafyatua mwakani, kwa fataki ninazozijua. Hii moja sijaigusa tena. Haikuwekwa kwa ajili yangu. Bunduki yako nimeirudisha ukutani, na kitanda cha juu nimekitandika. Ulisema utakuja Krismasi, njoo.

Ardis